Kura za Saa Nane

Mvua ya kwanza ilinyesha Mwabujiku siku moja kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na ungemuuliza Milembe angekwambia mvua hiyo haikuwa na adabu. Kiangazi kizima watu walitazama mbingu mpaka shingo zikawauma, isishuke. Ikangoja Novemba, ikangoja hadi ibaki siku moja Milembe apigiwe kura ya uenyekiti wa kitongoji, ndipo ikamwagika jioni nzima, mbuga ikalegea na vyura wakaanza kelele zao. Mtu wa Simiyu akiona ardhi imelowa hivyo huna haja ya kumuuliza kesho atakuwa wapi. Atakuwa shambani anapanda pamba, na hata ukimwambia kwamba mbinguni wanagawa viti, atakuomba umwekee chake.

Milembe hakuwa mwanasiasa. Chama kilichomsimamisha, bendera yake aliiona kwa mara ya kwanza siku alipopewa aibebe. Kilichomwingiza ni ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili kiangazi ng'ombe wapate cha kutia mdomoni. Ngitili ya Mwabujiku ilifungwa na mababu, na kila nyumba yenye ng'ombe ilikula humo. Luhende, mwenyekiti aliyekuwa madarakani, alikwisha kuitembelea mara kadhaa akiwa na tajiri mmoja kutoka mjini Bariadi, mtu wa miwani ya jua na viatu visivyojua tope. Kila mtu alielewa kwamba Luhende akirudi kwenye kiti, mwaka hautaisha kabla malisho hayajazungushiwa waya. Na Masalu, mume wa Milembe, alikuwa ametamka neno lake, naye si mtu wa kutamka mawili: ngitili ikienda, na wao wanaenda. Angeswaga ng'ombe hadi Katavi kama walivyofanya kaka zake, ambao siku hizi walibaki kuwa sauti za kwenye simu.

Milembe alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Aliolewa hapo, akazaa hapo, na alimzika mtoto hapo. Hakutaka kufia ugenini.

Basi akazunguka nyumba kwa nyumba. Wapo waliomwambia waziwazi kwamba hawaendi kupiga kura, si yake wala ya mwingine. Mara ya mwisho walipanga foleni kwenye jua mpaka wakazimia, na daraja waliloahidiwa likaishia kwenye hotuba. Wengine walisema shule yenye kituo iko ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa mwenye magoti mazima, na wao magoti yao yalishastaafu. Luhende hakuwa na shida hiyo. Alikodi bodaboda za kuwabeba watu wake tangu kituo kinafunguliwa. Lakini wanawake walikuwa wa Milembe. Walikuwa na kikundi chao cha kulimiana mashamba, leo kwako, kesho kwangu, na kiongozi wao, Lucy, alikuwa akisema jambo wote wanasema ndiyo.

Jioni ile ya mvua Lucy alipita uani kwa Milembe, gauni limemganda mwilini, anacheka.

"Dada, usiwe na wasiwasi. Asubuhi tunapanda, saa nane tunaoga, tunakwenda kwa pamoja. Kura itatungoja mpaka saa kumi. Unyevu hautungoji."

"Si mngeanza na kura?"

"Na ukame ukija tule kura?" Lucy akamgonga begani. "Saa nane. Tutapita hapa tukuchukue kama bibi harusi."

Milembe akageuka akatazama zizini. Hata Masalu alikuwa tayari anatengeneza nira.

Alfajiri, Masalu akiwa ameshaondoka na maksai wake, Milembe alichemsha maji na kumpelekea mama mkwe wake chumbani. Bibi Wilhelmina alikuwa mgonjwa tangu kiangazi kianze. Mwili ulikuwa umeisha, ulimi haujaisha. Ndiye aliyemwambia Milembe agombee, na juzi tu alimtania: "Nikitangulia kabla ya kura, mtanizika haraka mwende. Mimi sina haraka ya kwenda popote."

Milembe alimwita mara mbili. Alimshika mguu, ulikuwa baridi. Akashika mkono, baridi.

Alitua beseni la maji chini, akakaa kitandani pembeni yake, na machozi yakamtoka bila sauti. Alimpenda mwanamke yule. Alipoletwa hapo akiwa binti asiyejua kusonga ugali wa watu wengi, bibi Wilhelmina alimfundisha bila kumtangaza kwa majirani, na mkwe wa namna hiyo huombewa Misa.

Kisha akakumbuka ni siku gani.

Mwabujiku msiba ukitangazwa, jembe halishikwi. Hakuna wa shambani, hakuna wa mnadani, hakuna safari. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanateka maji, wanabeba kuni na unga, na wote wanabaki hapo mpaka marehemu afukiwe. Anayeondoka kwenda kwenye shughuli zake hutozwa faini, na akikaidi hutengwa: haazimwi moto, haazimwi ng'ombe, na siku akifiwa atachimba kaburi peke yake. Si utani. Palikuwa na mzee mmoja aliyetengwa hivyo miaka ya nyuma, na mpaka anahama hakuna aliyemrudishia hata salamu.

Milembe alipiga hesabu yake, na ilionekana nyepesi. Akitoa yowe sasa, hakuna atakayekwenda shuleni. Watu wa Luhende wanabebwa asubuhi kwa bodaboda, wanarudi kabla hawajahesabiwa msibani. Watu wake wanakwenda saa nane. Akinyamaza mpaka saa nane, wanawake watapita, atawaambia watangulie yeye anampa mgonjwa uji, watapiga kura, na wakiwa njiani kurudi, basi, bibi atakuwa amekufa. Maiti haina njaa. Na mwenyewe alisema hana haraka.

Alimfunika vizuri kwa kitenge kama mtu aliyelala, akarudishia mlango, akakaa nje kwenye kigoda.

Haukupita muda Lucy akatokea njiani, jembe begani, mbegu za pamba kwenye ndoo.

"Mwangaluka, dada," akamwamkia.

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu."

"Mayu, mama yetu, kaamkaje? Niingie nimsalimie?"

"Kalala," Milembe alisema. "Kakesha anakohoa. Mwache tu apumzike."

Lucy alisogea mlangoni, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anavyosema mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa, "Lala mayu, saa nane nitakuja tukuage." Akaondoka zake. Milembe alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona ya mkonge, na akajiona mtu mbaya. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yeye aliomba tu ifike saa nane.

Haikufika. Saa nne Masalu alirudi kuchukua mbegu nyingine, akanawa miguu, akaingia kumwona mama yake kabla Milembe hajapata neno la kumzuia. Halafu sauti ikatoka mle ndani ambayo Milembe hakuwahi kuisikia kwa mumewe katika ndoa yao yote.

Alimkuta amepiga magoti.

"Nilimwacha anapumua," Milembe alisema. Uongo wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza. "Sasa hivi tu nilimwacha anapumua."

Mtu mwenye uchungu hapimi ubaridi. Masalu alisimama aende nje.

"Baba Jenifer, ngoja kidogo. Tukae kwanza, tupange..."

"Nipange nini, Milembe? Mama amekufa!"

Akatoka uani akapiga yowe. Likapokelewa nyumba ya pili, ya tatu, likavuka bonde, na mashambani kote majembe yakawekwa chini. Wanawake wakaanza kuja mbio, miguu imejaa udongo mweusi, wengine bado wana mbegu kwenye mifuko ya gauni. Walimkumbatia Milembe mmoja mmoja wakilia naye. Kila aliyemkumbatia alikuwa kura yake. Aliwajua kwa majina na aliwahesabu bila kutaka.

Mzee Mboje, mkuu wa mazishi wa kitongoji, alifika na fimbo yake, akauliza marehemu amefariki lini. Masalu akamjibu: sasa hivi. Mboje akatazama jua, akatazama wingu lililojikusanya upande wa Maswa, akatoa amri. Maiti haitalazwa. Wakiilaza, na kesho nayo jembe halishikwi, unyevu utapotea, watu watakufa njaa kwa heshima ya mtu mmoja, na bibi Wilhelmina mwenyewe asingekubali. Anazikwa leo, kabla ya giza. Kwa hiyo asitoke mtu, mwanamume wala mwanamke, kazi ni nyingi na muda ni mdogo.

Hakuna aliyetaja kura. Ilikuwa kama jambo lililopangwa kufanyika nchi nyingine.

Lucy na wanawake wengine wawili watu wazima waliingia kumwosha marehemu, na Milembe akaingia nao kama ilivyompasa mkwe. Lucy alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akashika mkono wa bibi ili aunyooshe. Mkono haukunyooka. Akajaribu wa pili. Akagusa taya, akagusa shingo, kisha akatulia. Mwanamke aliyeosha maiti nyingi hafundishwi kuzijua. Alinyanyua macho akamtazama Milembe, na Milembe akayainamisha yake.

"Vipi?" mmoja wa wale wawili akauliza. "Mbona amekaza hivi?"

"Mwili wa mgonjwa wa siku nyingi," Lucy akasema. "Hukauka kabla. Leteni maji mengine."

Wale wakatoka. Lucy aliendelea kuukanda mkono wa bibi polepole mpaka ukalegea, akauweka kifuani.

Simu ya Milembe ikaanza kutetemeka saa sita. Alikuwa Flora, binti wa dada yake, aliyekaa kituoni kama wakala wake. Milembe alikwenda nyuma ya ghala la nafaka akapokea kwa kunong'ona.

"Mama mdogo, watu wako wako wapi? Hapa kumepoa. Asubuhi zilikuja bodaboda, zikaleta, zikarudisha. Sasa hivi nasikia nzi tu."

"Tumefiwa, Flora. Bibi amefariki."

Flora akalia kidogo kwenye simu. Kisha akajikaza. "Pole, mama mdogo. Lakini hata kumi na tano tu wangekuja! Hawa wenzetu si wengi. Nimewaona. Si wengi kabisa!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Milembe aibu. Saa saba alimfuata Lucy kwenye mafiga, akamvuta pembeni karibu na rundo la kuni.

"Lucy, mdogo wangu. Waruhusu waende wawili wawili. Kama wanakwenda kuteka maji. Wakatize mtoni, wapige, warudi. Mboje hatajua."

Lucy alikuwa na mwiko mkononi, na moshi ulikuwa umemtia wekundu machoni, au labda haukuwa moshi.

"Nilisimama pale mlangoni," alisema. "Nikamwambia mayu alale. Nikaongea na maiti kama mwendawazimu, na wewe umekaa kwenye kigoda unaniangalia."

"Nilikuwa nafanya kwa ajili yetu. Ngitili..."

"Ng'ombe wangu wanakula humohumo, dada. Usinifundishe ngitili." Alipangusa jasho kwa mkono. "Nimekufichia mbele ya watu. Ningesema, ungetengwa wewe, na Masalu angekurudisha kwenu kwa kumwacha mama yake apoe kama mbwa. Nimekufichia, na nitakufichia. Ila la pili usiniombe. Hawa wanawake wakikamatwa wametoroka msiba watatozwa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewatuma. Hapana."

"Hata kumi na tano tu, Lucy."

"Hata mmoja."

Akarudi kwenye sufuria. Na hapo Milembe alielewa kwamba imekwisha. Angeweza kupaza sauti mwenyewe, ndiyo. Angeweza kusimama katikati ya uwanja na kuwaambia wanawake wale: acheni kulia, nendeni mkanichague. Mfiwa! Maiti ya mkwe iko ndani haijatoka! Hata yeye asingempigia kura mtu wa namna hiyo.

Akakaa chini kwenye jamvi, mahali pa mfiwa. Saa nane ikapita, wanawake wanasonga ugali. Saa tisa ikapita. Mmoja wao alimletea maji ya kunywa, akamkalia karibu na kumwambia kwa upendo mtupu, "Usijisikie mpweke, dada. Hatukuachi hata kidogo leo." Milembe akamshukuru. Saa kumi, ile saa ya kufunga vituo, wanaume walikuja kusema kaburi liko tayari.

Walimzika bibi Wilhelmina chini ya wingu zito. Katekista alisoma haraka. Masalu alitupa udongo wa kwanza, Milembe akatupa wake, na akalia kwa sauti kubwa hivi kwamba watu walishangaa, maana mkwe kumlilia mama mkwe namna ile si jambo la kila siku. Waliona ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini hayakuwa hayo peke yake.

Watu walikuwa wamekaa kula, jua linazama, Flora alipofika kwa miguu kutoka shuleni. Alimpigia magoti mama yake mdogo, akampa pole ya msiba, kisha akamwambia sikioni. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya mia mbili. Waliopiga hawakufika themanini. Luhende alikuwa amemzidi kwa kura kumi na moja tu, maana wengi waliobebwa na bodaboda zake walimpigia Milembe. Hapana, hakuna aliyeiba. Flora alikaa karibu na sanduku tangu asubuhi, alihesabu pamoja nao, karatasi kwa karatasi. Luhende alishinda kihalali.

Hilo ndilo lililomchoma Milembe. Akiibiwa, mtu hupata wa kumlaani. Alitazama uani kwake. Kwenye mafiga peke yake walikuwepo wanawake zaidi ya kumi na mmoja, wanalamba vidole, wamechoka, roho zao safi, wanamtazama kwa huruma.

Luhende naye akaja, kama kawaida ya watu wanaojua siasa. Alikuja kwa bodaboda na mfuko wa mchele, akavua kofia tangu barabarani, akampa Masalu mkono kwa mikono miwili. Hakutaja uchaguzi hata kwa neno moja. Alimsifu marehemu, alisema amempoteza mama. Wazee wakaitika kwa vichwa, wakisema kweli huyu kijana ana utu. Masalu alimpisha kiti. Milembe alimwona mumewe akitazama kule zizini, ng'ombe walikokuwa wakilia kwa kukosa malisho ya siku nzima, na alijua kwamba amekwisha kuanza safari ya Katavi kichwani mwake.

Baada ya Luhende kuondoka, mzee Mboje alijikongoja hadi kwenye jamvi la wanawake, akaegemea fimbo yake mbele ya Milembe. Alikuwa mzee mwenye ukali, lakini jioni ile sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mayu, nimesikia habari za kura," alisema. "Nimeumia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikupigie wewe. Na hawa wote."

"Asante, guku," Milembe akajibu, akimwita babu kwa Kisukuma.

"Ni saa tu ndiyo iliyotuponza. Saa nne! Watu wote wametawanyika mashambani, kaburi halijaanzwa, mvua inakuja, ningefanyaje?" Akatikisa kichwa. "Mama huyu angetangulia alfajiri, mambo yangekuwa mepesi. Wangekuwa majumbani bado, na jembe halishikwi, kwa hiyo wangekuwa bure tu, mikono mitupu. Ningewaambia hawa wanawake: nendeni wote mkapige kura sasa hivi, saa tano muwe mmerudi tushike kazi. Hiyo kura si shughuli ya mtu, ni ya kitongoji. Ningewatuma kwa amri yangu. Asingebaki hata mmoja."

Lucy alikuwa anapita na jagi la maji na beseni, akiwanawisha watu mikono. Alikuwa amefika mbele ya Milembe. Alisikia neno kwa neno. Alisimama pale na jagi limeinama kidogo, maji hayajatoka, akimtazama dada yake aliyemfichia siri.

"Mungu ndiye anayepanga saa," Mboje akasema.

"Ndiyo, guku," Milembe akajibu. "Ndiye anayepanga."

Akanyoosha mikono juu ya beseni. Lucy akammiminia maji, akahamia kwa mtu wa pili.